Kitanzi Nilichokisahau Ulemo

Mke wangu mpendwa,

Juzi alikuja binti fundi kutengeneza intaneti hapa ninapoishi, mbali kabisa na Singida. Aliifunga modemu kwa kipande cha waya ili inachotuma kiirudie yenyewe. "Ikijisikia, ni nzima," akanieleza. Nikamwambia, "Usisahau kukitoa, mwanangu." Akashangaa mzee anacheka nini.

Nilikukumbuka wewe ukiunganisha simu za watu Posta ya Singida, miaka ile watu wanahamia vijiji vya Ujamaa. Mimi nilikuwa fundi wa laini ya Kiomboi. Nikipanda nguzo ya Ulemo, katikati ya safari, naunganisha nyaya mbili kwa kitanzi, nawe Singida unazungusha mkono wa simu. Ukiwa mzito, waya ni mzima hadi kwangu. Ukiwa mwepesi, waya umekatika njiani. Kitanzi kikiachwa, simu za Kiomboi hazipiti.

Ijumaa moja, kabla sijafunga kitanzi, uliniambia kwenye simu yangu ya kupimia, "Baba atapiga kesho kutoka Kiomboi. Atampa mshenga wako jibu."

Mshenga alikuwa baba yangu mdogo. Mzee wako alikuwa ameshamwonya: asipompata hadi Posta inafungwa saa sita, atajua hatuna haja, na mchumba mwingine yupo. Nami nilipofunga kitanzi ukazungusha, ilinipasa nikitoe, kisha nikuulize umeonaje. Sikuuliza. Nilishuka nikiimba, nikarudi mjini.

Jumamosi asubuhi baba mdogo alikuwa ameketi Posta na koti lake la kanisani. Ulizungusha, Kiomboi kimya. Ukazungusha tena, ukanitazama.

"Mkono mzito. Fundi, kitanzi umekitoa?"

Nilichukua kofia yangu.

"Nenda! Au unataka niolewe na yule mwenye ng'ombe?"

Nilidandia lori la mafuta ya taa. Pale Ulemo nilipanda nguzo bila kuvua kofia, nikang'oa kitanzi, nikatundika simu yangu ya kupimia. Kengele ikalia papo hapo. Kanuni ilitukataza kusikiliza mazungumzo ya watu. Nilisikiliza.

"Nimepiga tangu asubuhi, simu imenuna!" mzee wako alifoka. "Huyo kijana wenu ni fundi kweli?"

"Ni fundi, mkwe," baba mdogo akajibu. "Sasa hivi yuko juu ya nguzo anatengeneza."

Nilikumbatia ile nguzo kama mtoto mgongoni.

"Basi mwambieni ashuke, aje aoe," mzee akasema.

"Shikamoo, baba!" Ilinitoka yenyewe.

"Marahaba. Kumbe na mambo ya watu unasikiliza!"

Hapo ukacheka. Ulikuwa kwenye laini muda wote, nawe umekatazwa kama mimi. Chini yangu akina mama waliokuwa wakipalilia waliinua vichwa kumwona mtu anayecheka peke yake juu ya nguzo.

Tangu ututoke watu hunipa pole, nami huzipokea kwa heshima. Lakini ukweli ni kwamba nikikukumbuka, mara nyingi furaha ndiyo hutangulia. Wewe ndiwe uliyelijua kosa langu kwa uzito wa mkono tu, na badala ya kunidharau ukanituma nikalirekebishe. Ulinifanyia hivyo maisha yetu yote, na kila mara nilikuwa na haraka ileile ya kurudi kwako.

Pumzika, mama watoto. Mimi bado nakuchekea.

Mumeo