Jibu Lililokuwa Bado Njiani

Kwako Kaka Mkubwa,

Naomba barua hii uisome kwa sauti mbele ya wote, na uisome taratibu. Shikamoo zangu zimfikie Mama kwanza. Kisha Baba Mdogo, Shangazi, wewe Kaka pamoja na Shemeji, na Dada, ambaye ulimi wake hauna breki nami nampenda hivyo hivyo. Watoto nawasalimu wote, hata waliojificha chini ya meza. Natumai mu wazima na goti la Baba Mdogo limetulia. Mimi sijambo, ila kazi imenibana.

Mmekuwa mkiniuliza ninafanya nini hospitalini ikiwa si daktari wala muuguzi. Leo nitawaeleza. Kumbukumbu za wagonjwa tunazitunza katika kompyuta kubwa mbili, kila moja katika jengo lake, ili moja ikiungua nyingine ibaki. Karani akiandika jambo, kompyuta ya kwanza hulipeleka kwa mwenzake na kungoja aitikie kwamba amepokea. Hapo ndipo humwambia karani kuwa limehifadhiwa. Mwezi uliopita ya kwanza ikawa kila mara inatangaza kwamba mwenzake amekufa, kisha inaendelea peke yake. Mkuu wetu, tunayemwita Bwana Chapuchapu, akaamuru ile ya pili, kikongwe chetu, ing'olewe ikatupwe.

Nikaomba kwanza nipime njia. Kati ya kompyuta hizo kuna swichi, kisanduku cha kupokezana ujumbe. Nikapima kwa swichi ya zamani ujumbe unachukua muda gani kwenda na kurudi, kisha nikafunga mpya nikapima vilevile. Kwa ile mpya, jibu lilirudi kabla hujapepesa jicho. Kwa ile ya zamani lilijikokota, likafika wakati kompyuta ya kwanza imeshakata tamaa. Lakini lilifika. Nilipoifungua ile iliyoitwa maiti, nilikuta kila jina la mgonjwa lililotumwa limeandikwa, halikukosekana hata moja. Sisi ndio tuliopanga muda wa kungoja uwe mfupi kuliko njia yenyewe. Bwana Chapuchapu alikuna kidevu, akasema kumbe alitaka kuzika mtu aliye hai. Tuliweka swichi mpya, na muda wa kungoja tukaurefusha.

Nikiwa katika kupima huko, ndugu zangu, nilimkumbuka Mama. Tangu kiharusi kile anasikia vizuri na anafikiri vizuri, ila neno humchukua muda kutoka. Mnakumbuka siku mliponiweka kwenye simu tukajadili ahamie kwa Kaka na nyumba ipangishwe. Kaka, ulimuuliza kwa heshima zote. Mama akanyamaza. Baba Mdogo akasema anyamazaye amekubali, nami huku nikaitikia naam. Dada, aliyekuwa akimimina chai, akamuuliza kama amtilie sukari. Mama akasema, "Sitaki."

Jumapili nilipokuja kumtazama, nilikaa naye jikoni, nikamuuliza upya habari ya kuhama, kisha nikafunga mdomo. Birika likachemka, nikalizima, nikaketi tena. Hatimaye akaniambia kwamba alishajibu siku ile ile. Ile "sitaki" ilikuwa ya nyumba. Sukari anaitaka, tena vijiko viwili kama zamani, na amechoka kunyweshwa maji ya majani. Nilipomuuliza kwa nini hakuwaambia, akasema kila akianza, Dada humalizia. Akaongeza kuwa nyumba hiyo anaijua hata gizani, ilhali kwa Kaka atakuwa mtu wa kuuliza choo kiko wapi. Kisha akacheka, na kicheko chake hakikuchelewa hata kidogo.

Kwa hiyo ile naam yangu naiondoa mbele yenu, na bila yangu shauri lile halijakamilika. Mpangaji aliyeahidiwa aambiwe hakuna nyumba ya kupanga mpaka Mama mwenyewe aseme. Nawakumbatia wote, Dada zaidi, maana najua sasa hivi amenuna. Na wewe Kaka, ukishasoma jina langu hapa chini, weka barua mezani, umuulize Mama mbele ya wote. Asiseme mtu neno, hata kukohoa, mpaka ajibu. Atakalosema ndilo tutakalolifuata.

Ni mimi mdogo wenu,
Kitindamimba