Fundi Musa Hakubishana Bei

Arua, Jumatano, 1974

Hakubishana bei, hiyo ndio ilinishitua. Fundi Musa ni mutu wa kubishana nusu saa juu ya sindano moja. Leo amekuja kwa meza yangu sokoni, ameomba dawa ya panya, ametoa pesa yote kimya.

Nikamutania, "Fundi, panya yako inakula nini? Cherehani?"

Hakucheka. Tangu mke yake alikufa, hata cherehani amefunika na shuka.

Watu hapa wanasema kitu kama ile usitaje, utaiita. Mimi nikataja. Nikamuliza pole pole, "Ndugu yangu, unataka kujiua?"

Nilifikiri atanipiga. Akakaa juu ya gunia ya chumvi, akalia. "Hakuna mutu ameniuliza," akasema. "Wewe tu."

Nikafunga meza mchana, watu wakanicheka, waache. Tukatembea mpaka Mvara kwa dada yake. Musa ameongea njia yote na mimi nimenyamaza, na mimi kunyamaza si kazi ndogo. Dada amesema hatamuacha peke yake, na kesho tunamupeleka kwa daktari.

Naogopa kidogo. Kama angebishana, ningemuuzia. Dawa ile siuzi tena, wenye panya wafuge paka.

Wakati naondoka, Musa akauliza, "Kesho utakuja kweli?"

"Nitakuja asubuhi, unipikie chai."

"Chai! Sukari iko wapi Arua hii, wewe?"

Iko. Nimeficha kilo moja chini ya kitanda. Kesho inaenda Mvara.