Jina Moja Kikapuni

Alhamisi, 6 Julai 2023

Mzee Mutayoba amehamia Bukoba kwa wanawe, na kanisa letu hapa Kiseke limebaki na pengo la mzee wa kanisa. Jumapili tunapiga kura. Si ya kunyoosha mikono — hiyo ya wanasiasa! Sisi tunafunga siku moja, tunaomba, majina saba yanaingia kikapuni, Bibi Dorcas anafumba macho na kuchomoa moja. Huyo ndiye Mungu aliyemtaka. Ndivyo ilivyo tangu kanisa lilipokuwa turubai.

Karatasi naandika mimi. Mimi ndiye katibu.

Byabato, mume wangu, yumo kati ya wale saba. Tangu Jumatatu hana habari nyingine ila uteule. Eti Mungu alishawachagua watu wake kabla hajaumba hata sato wa ziwani. Hakuna cha hiari, yote yalishapangwa. Jana maharage yameungua yeye akiwa hatua mbili tu kutoka jikoni, anasahihisha madaftari ya hesabu ya kidato cha pili. Nikamuuliza, hukusikia harufu? Akanijibu, Mama Gladness, maharage haya yalipangiwa kuungua. Na vyombo je, vimepangiwa nani? Akacheka. Nikaviosha — miaka kumi na tisa nimepangiwa mimi!

Ameota mara tatu anapitisha sinia la Meza ya Bwana. Ana uhakika. Hata viatu ameshavipiga rangi.

Jumamosi, 8 Julai

Nimefunga. Njaa inauma.

Nimekaa kwenye cherehani yangu nikakata karatasi saba za daftari. Ya kwanza nikaandika: Shimba. Huyu aliwekwa ili tu kutimiza idadi. Anauza dagaa kule sokoni Mwaloni, Jumapili anachelewa, akifika analala, akiamka anasema Amina pasipo na Amina. Nikaitazama ile karatasi. Ya pili nikaandika: Shimba. Ya tatu, Shimba. Mkono ulikuwa mwepesi ajabu! Zote saba. Nikazikunja mara nne nne.

Nilitaka nini? Nilitaka Byabato aone kwamba mtu anaweza kufanya jambo ambalo halikupangwa na yeyote. Na nilitaka kucheka. Humu siwezi kudanganya.

Jumapili, 9 Julai

Bibi Dorcas akazungusha mkono kikapuni, akazungusha, akazungusha — utadhani kuna cha kuchagua! Nilijing'ata shavu mpaka nikaonja damu. Akatoa. Mchungaji Nathaniel akasoma kimya, akasoma tena, akageuza karatasi kuangalia nyuma. "Shimba," akasema.

Shimba mwenyewe alikuwa amelala. Akapigwa kiwiko, akakurupuka: "Amina!" Kanisa zima likaangua kicheko, mimi wa kwanza. Mchungaji akatunyamazisha. Akasema kura tunapiga sisi lakini neno la mwisho ni la Bwana, na asiyeridhika akamuulize Yeye.

Hapo Shimba akalia. Mwanamume wa miaka thelathini na mitatu, analia kwa sauti, kamasi zinamtoka, anafuta kwa mkono wa shati. Kicheko changu kikanikauka. Byabato alipiga makofi, kwa adabu, mara nne tu. Nilihesabu.

Atawekewa mikono tarehe 23.

Jioni hii nakaanga samaki, nikakumbuka — zile karatasi sita zilizobaki! Kwa zile vurugu za vigelegele nilikiacha kikapu palepale. Sikuzichoma.

Jumatatu, 10 Julai

Nimewahi kanisani. Kikapu kipo. Karatasi hakuna! Labda aliyefagia amezitupa. Mungu awabariki wafagiaji wote.

Jumatano, 12 Julai

Byabato ameosha vyombo. Naandika tena nisije nikadhani niliota: ameosha vyombo, pamoja na sufuria ya ugali! Sikumwomba. Nimeimba jioni nzima.

Ijumaa, 14 Julai

Bado anaosha. Lakini hasemi. Mahubiri ya mezani yamekwisha, sala ya chakula ameniachia mimi. Leo anasuuza kikombe kilekile, akaniambia bila kugeuka: "Labda mimi ni Esau." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Esau, yule ambaye Mungu alimwacha: kumbe ndivyo alivyopiga hesabu yake. Kama yote yalipangwa, na kura ni sauti ya Mungu, basi yeye aliyeota mara tatu ameachwa, na aliyekuwa anakoroma amechukuliwa. Na kama jina lake halikutoka kikapuni, anasema, nani ajuaye kama limo kule kwingine, mbinguni? Akaanika kitambaa cha vyombo vizuri kabisa, akaenda kulala bila kula.

Roho imeniuma. Nampenda huyu mkaidi. Nilitaka kumtekenya, kumbe nimemchoma.

Jumatatu, 17 Julai

Nilikuwa nimeamua kumwambia. Jana ikaniharibikia.

Shimba alifika wa kwanza kanisani. Wa kwanza! Amefagia, amepanga viti. Halafu wale wanakwaya wetu wawili, Kija na Hellen, ambao hawajasalimiana tangu Pasaka na mchungaji ameshindwa nao, Shimba amewakalisha kwenye benchi moja nje. Sijui aliwaambia nini. Wametoka wanagombana huku wanacheka. Bibi mmoja mwenye meno mawili akampita akamwambia, "Mzee, utuombee." Mzee! Na yeye akajibu "Marahaba" kwa kuchanganyikiwa, maskini, wakati hakuna aliyemwamkia.

Sasa nikisema, namwangusha Shimba mbele ya watu. Nikinyamaza, Byabato anazama. Na hakuna aliyenituma! Ndiyo shida yenyewe. Niliitaka hiari, nimeipata, na ni nzito kama gunia la chumvi.

Jumatano, 19 Julai

Shimba kaniletea kitambaa, nimshonee suruali ya siku yake. Angemtafuta fundi mwingine! Nimempima. Kiuno 34, urefu 41. Nimeandika kwenye daftari la vipimo, yeye amesimama nyuma ya bega langu, anaangalia ninavyoandika. Hata nikashangaa.

Byabato ameosha vyombo. Sijaimba.

Jumamosi, 22 Julai

Shimba kaja kujaribu suruali. Nimepiga magoti, nimebana pini mdomoni, narekebisha pindo la mguu wa kushoto. Akafungua Biblia yake, akatoa karatasi sita, akaziweka juu ya cherehani, moja moja.

Sikumeza pini, na hilo nalo ni muujiza.

"Shikamoo, Mama Gladness," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza anaingia.

Alizikuta kikapuni siku ileile ya kura alipokuwa anarudisha viti. Alipozifungua alipiga magoti palepale. "Nikasema Mungu kanitaja mala saba! Wengine mala moja hawapati." Alitaka kusimama kesho atoe ushuhuda, awaonyeshe watu zote. Siku kumi aliamini hivyo. Mpaka Jumatano, alipoona jina lake kwenye daftari langu la vipimo. Ile S yangu yenye mkia.

Nikasubiri anitukane. Ningemshukuru. Akauliza tu: "Majina yalikuwa saba. Kwa nini langu?"

Nikatafuta jibu. Kati ya wale saba ningeweza kuandika la Nestory, anayeimba kama mbuzi, au la Malimi, au la yeyote. Kwa nini Shimba? Nikamwambia ukweli: sijui. Hukuwa na sifa hata moja.

Akasema, basi umechagua kama Mungu anayehubiriwa na mumeo. Akacheka, na mimi nikacheka, pini zikaanguka, halafu nikalia.

Akasubiri nimalize. Akasema yeye ameitwa na ameshaitika. Hajui kama aliitwa na mimi au kupitia mimi, na mimi sijui, kwa hiyo tusidanganyane. "Hizi zichome, au zisome kesho mbele ya watu. Mimi sitasema neno." Akavua suruali nyuma ya pazia, akanirudishia nimalizie pindo.

Nimemaliza pindo. Byabato yuko chumba cha pili, kalamu nyekundu mkononi, hajasahihisha hata daftari moja.

Jumapili, 23 Julai, kanisani

Katibu akiandika hakuna anayeshangaa, kwa hiyo naandika.

Karatasi zimo kwenye pochi. Sikuzichoma. Asubuhi nilizishika juu ya jiko mpaka vidole vikapata joto, nikazirudisha. Byabato akatoka chumbani amevaa, lakini akaniambia leo hatashiriki Meza ya Bwana. Meza ni ya waliochaguliwa, anasema, na yeye hataki kumwibia Mungu mkate. Hajawahi kuacha tangu nimfahamu.

Yuko hapa pembeni yangu. Haimbi. Mkono wake uko juu ya goti, nimeushika, ni baridi.

Shimba amesimama mbele. Suruali imemkaa vizuri, nasema mwenyewe.

Kabla ya kuweka mikono, Mchungaji anauliza mara tatu kama kuna mwenye neno. Ameuliza mara ya kwanza. Bibi Dorcas kakohoa.

Kama yote yamepangwa, basi nimepangiwa kusimama au nimepangiwa kukaa, na jasho hili la nini?

Mara ya pili. Byabato kanong'ona, unaandika nini? Nimeziba kwa kiganja.

Nikisimama, namrudishia huyu Mungu wake na kumnyang'anya yule wake. Au pengine simnyang'anyi. Kasema ameshaitika.

Mara ya tatu. Shimba hanitazami, anatazama sakafu. Pochi imefunguka. Magoti yangu yameanza kuninyanyua, na mimi bado sijaamua —