Kizuizi cha Mlango Kiko Mkobani Mwangu

Mama Nabangala, shikamoo. Nakuandikia nikiwa jikoni kwangu hapa Kamwokya, mume wangu yuko sebuleni ameweka mguu juu ya stuli, na kila akikohoa mimi nashtuka kama mwizi, kwa sababu aliyeuvunja mguu ule ni mimi, na yeye hajui, na leo ni siku ya kumi na tisa sijamwambia. Nisaidie, mama, na unisamehe Kiswahili changu, nilikipata kambini.

Naitwa Adoch, nina miaka arobaini na mbili, nilizaliwa na kukulia katika kambi ya polisi Nsambya ambako baba yangu, Konstebo Okwera, alikuwa askari wa doria. Tulikuwa watoto sita na wazazi wawili katika chumba kimoja, na chumba hicho kiligawanywa na pazia. Mama alinunua kitambaa katika duka la Wahindi kule Old Kampala, cha rangi ya maziwa chenye maua ya njano, akakishona kwa mkono, akakipitisha kwenye waya kutoka ukuta hadi ukuta, upande wa huku sisi na masufuria, upande wa kule wao na kitanda. Nikikuambia chumba kile kilikuwa kidogo nitakuwa nakudanganya, maana sikukiona kidogo mpaka nilipokihama. Jumapili mchana tukitoka kanisani mama alibadilisha nguo nyuma ya pazia huku akituuliza padri alisema nini, na sisi tuliona miguu yake tu, na kwa miguu hiyo tulijua kama amechoka au amefurahi. Majirani zetu, mke wa Koplo Sebit na wengine, Walugbara, Wateso, Waacholi kama sisi, wakija kumtafuta walisimama upande wetu wakazungumza na pazia nusu saa nzima, wakacheka na pazia, wakaaga pazia, wakaenda zao. Na pazia, Mama Nabangala, huwezi kuligonga kwa ngumi, lazima useme. Hata baba, na buti zake na filimbi yake shingoni, alisimama mbele ya kile kitambaa akaita jina la mama, akauliza, "Iko mutu?" naye mama akajibu, "Iko, afande, pita," na sisi watoto tulicheka kila siku kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Mama alipofariki ndugu zangu walichukua vyombo na redio, mimi nikachukua pazia.

Mume wangu anaitwa Kasereka, ni fundi seremala, alikuja Kampala kutoka Butembo akikimbia vita, na nilipompelekea kiti changu akitengeneze hakuwa na Luganda hata la kununulia ndizi, basi tukaongea Kiswahili, yeye chake mimi changu, na tumekiongea mpaka leo. Nyumba yetu ina sebule na chumba cha kulala, na kati yake kuna nafasi ya mlango isiyo na mlango, kwa sababu mlango wa bawaba ukifunguka ungegonga kitanda. Tukatundika pazia la mama. Miaka kumi na minne Kasereka alisimama mbele yake akisema, "Adoch, niingie?" nami nikajibu, "Pita, afande," na yeye hata mgambo hajawahi kuwa, lakini hakuwahi kuuliza kwa nini namwita hivyo, alijifunza tu.

Sasa siku hizi wanaojenga hapa mjini wanataka ile milango ya kuteleza, inayoning'inia kwenye reli ya chuma juu ya ukuta kama milango ya ghala, na Kasereka aliiona kwenye simu akaipenda kama mtoto. Nilikwenda Gulu kumzika shangazi yangu, siku nne, na niliporudi mchana wa Alhamisi alinizuia mlangoni akaniambia nifumbe macho, akanishika mkono akaniingiza. "Fumbua." Mama, ulikuwa mlango wa mvule, umepigwa vanishi mpaka unajiona ndani yake, reli nyeusi, magurudumu mawili makubwa kama visahani. Akausukuma kwa kidole kimoja, ukaenda bila sauti. "Ni yako," akasema, "sasa na wewe uko na chumba." Nikataka kufurahi, na nilikuwa nimeanza, ndipo nikaona anafuta grisi mikononi kwa kitambaa chenye maua ya njano. Nusu nyingine ilikuwa chini ya ngazi, imechanika, imejaa vumbi la ukuta. Nikasema asante, ni mzuri. Nikaenda kuoga ili nilie.

Baada ya hapo alikuwa anausukuma na kuingia. Basi, anaingia tu. Nimekaa kitandani nakunja nguo naona ukuta unasogea na mtu yuko ndani, na sikusema kitu, maana utamwambiaje mtu aliyekupa mvule kwamba wewe ulitaka tambara? Wiki ya tatu, Jumanne, alikwenda kuchukua mbao, nikachukua spana yake nikapanda juu ya stuli. Mwisho wa reli, upande wa jikoni, kuna kipande cha chuma kinachozuia magurudumu yasipite. Nikafungua boliti yake, nikakitoa, nikakitia kwenye mkoba wangu. Naapa kwa kaburi la mama, nilidhani mlango utapita mahali pake kidogo, ukwame, Kasereka akasirike na kusema turudishe pazia kwanza. Mimi si fundi, sikufikiri zaidi ya hapo.

Saa kumi alasiri siku hiyohiyo akarudi na mteja, mama mmoja anayejenga nyumba ya wageni Bukoto, anataka milango kumi na moja. Hakuwa ameniambia anamleta. Akasimama kifua mbele, akasema, "Tazama, mama, kidole moja," akasukuma. Mlango ukaenda, ukaenda, haukusimama. Gurudumu la mbele likatoka kwenye reli na mlango wote ukashuka kwa pembe moja juu ya mguu wake wa kushoto. Yule mama akapiga kelele akarukia juu ya kochi. Kasereka hakupiga kelele. Alitazama juu, pale mwisho wa reli ambapo hapakuwa na kitu, akasema polepole, "Nilisahau kukaza."

Vilivunjika vidole vitatu na mfupa wa juu ya unyayo, plasta mpaka chini ya goti. Mteja aliondoka na oda yake. Lakini si hilo linaloniua. Linaloniua ni kwamba tangu siku ile anaitazama mikono yake. Anasema, "Mukono yangu imeanza kusahau." Wateja wengine wawili amewaambia watafute fundi mwingine, na drili yake, ile aliyoinunua kabla hata hatujaoana, kuna mtu anakuja Jumamosi kuitazama ainunue. Nikimwambia atanichukia, nisipomwambia Jumamosi inafika. Nifanye nini, mama?

Adoch, Kamwokya

*

Adoch mwanangu, marahaba. Barua yako niliisoma Jumatano, na kwa kuwa Jumamosi haingoji gazeti, nilikutumia jibu hili kwa simu siku ileile. Wasomaji wetu wanalisoma sasa kwa ruhusa yako.

Nitakugombeza kwanza, pole itakuja baadaye, maana nikianza na pole utalia na hutasikia kitu.

Mlango ule ungeweza kumwangukia kichwani. Ungeweza kumwangukia yule mama wa watu aliyekuja kutazama bidhaa. Kitu kizito kinachoning'inia juu ya njia ya watu hakiguswi na mtu mwenye hasira na spana, hata kama ni nyumba yake, hata kama hasira yake ni ya haki. Umeelewa? Haya. Mguu madaktari wameushughulikia, utapona. Hizi siku kumi na tisa ndizo zinazonikasirisha zaidi. Fundi anakula kwa kuiamini mikono yake, na wewe kila asubuhi unampelekea chai, unamtazama akiitilia shaka, unarudi jikoni. Mtu huyu alitembea kutoka Butembo bila kitu kingine ila mikono hiyo. Unawezaje?

Sasa pole. Mimi mwenyewe nililelewa Old Kampala, nyuma ya duka alilolinda baba yangu, na sisi tulitenganishwa na gunia la sukari lililofumuliwa, hata maua halikuwa nayo. Nimekuelewa. Tangu utoto wako hakuna mtu aliyeingia ulipo bila kwanza kukuita, na siku moja ukarudi kutoka msibani ukakuta jambo hilo limekwisha na hakuna aliyekuuliza. Inauma. Lakini niambie, Kasereka angelijuaje? Miaka kumi na minne umeishi naye na hujawahi kumsimulia kitambaa kile kilitoka wapi. Ulipouona mlango ulisema asante, ni mzuri. Alikuamini.

Basi fanya hivi, na ufanye leo, jua likiwa juu. Usimpikie kuku kwanza. Akishiba kisha akasikia haya atajua ulitaka kumhonga. Kaa mbele yake, toa kile chuma mkobani, kiweke mkononi mwake, na neno lako la kwanza liwe, "Nilikitoa mimi." Usianze na Nsambya. Usianze na marehemu mama yako, maana ukimtanguliza mama yako utamlazimisha mwenzako akuhurumie kabla hajakukasirikia, na kukukasirikia ni haki yake. Akitaka kutoka nje na magongo yake, mwache atoke. Akikuuliza, mjibu alichouliza. Hadithi ya pazia mpe siku atakapouliza kwa nini, na siku hiyo usimfiche hata kidogo.

Kisha uende Bukoto kwa miguu yako mwenyewe. Usitume simu, usimtume mtu. Mwambie yule mama ni nani aliyetoa kile chuma. Atakuona mwendawazimu, vumilia. Drili isiuzwe. Na mlango huo usirudishwe juu mpaka Kasereka mwenyewe ahakikishe kila boliti kwa macho yake, na akitaka uutoe nyumbani kabisa, au akitaka ubaki, mtaamua pamoja, kwa maneno ya mdomoni. Wewe Adoch unajua kusema. Barua yako imenijazia kurasa nne. Haya, inuka.

Mama Nabangala

*

Wiki nne baadaye Adoch aliniandikia tena. Nayaweka maneno yake kama yalivyokuja.

Mama, nilimwambia siku ileile, saa tisa mchana. Alikishika kile chuma, akakigeuza, akauliza, "Kumbe haikukuwa mukono yangu?" Nikasema haikuwa. Akauliza tena, "Nilikuwa nimekaza?" Nikasema ulikuwa umekaza sana, nilining'inia kwenye spana mpaka stuli ikayumba. Akafunika uso akalia, nikadhani yamekwisha. Hayakwisha. Hasira ilifika kesho yake asubuhi na ilikaa siku tisa. Chakula changu alikula, lakini maongezi yake yalikuwa na redio. Siku ya kumi akauliza kwa nini. Nikamsimulia yote, mama na miguu yake, mke wa Koplo Sebit, baba na filimbi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akasema, "Ungesema tu, Adoch. Mimi niliona ni kitambaa." Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme.

Yule aliyetaka drili alirudishwa kutoka getini. Yule mama wa Bukoto alinisikiliza akiwa amesimama, hakunikaribisha kiti, akaniuliza mara mbili kama niko timamu. Lakini wiki iliyopita alimpigia Kasereka, akampa milango miwili ya kujaribu.

Plasta imetoka. Mlango wetu bado umeegemea ukuta, hatujauamua. Jana asubuhi tulikwenda Bukoto pamoja, anatembea anachechemea, mimi nimebeba sanduku la vifaa. Alipanda ngazi akaweka pima maji juu ya reli kuona kama imelala sawa, akatazama, halafu bila kugeuka akaniambia nipande ile ngazi ya pili nishike upande wa mwisho. Nikapanda, nikashika. "Inua." Nikainua. "Inua kidogo." Nikainua. "Shusha. Hapo." Akaanza kutoboa upande wake, polepole, akisimama kupima na kupima tena, na reli ile ni nzito, Mama Nabangala. Mkono wangu ulikufa ganzi mpaka begani, jasho likaniingia machoni, naye akaniuliza kama nimechoka. Nikamwambia aendelee.