Mjukuu Wangu Ananijua kwa Barakoa

Mpendwa mshauri,

Salamu nyingi, na habari za afya yako? Natumaini Mungu anakulinda wewe na wa nyumbani kwako. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa, na ndiyo maana nakuomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi.

Mimi ni mtunza panya. Usicheke, ni kazi halali na imesomesha wanangu wote. Panya wenyewe si hawa wa darini, ni wa maabara, weusi, wasafi kuliko sisi, nawabadilishia pumba za mbao, nawapa maji yaliyochemshwa, na siingii chumbani kwao mpaka nioge, nivae joho, glavu, barakoa na vifuniko vya viatu. Siku niliyouliza kwa nini tunawadekeza hivi, daktari wetu wa utafiti aliniambia, "Mzee, hawa tumewatoa masikio." Nikachungulia kizimbani nikamjibu, "Mbona nayaona, tena makubwa?" Alicheka mpaka akakaa. Ndipo akanieleza kwamba kirusi kikiingia mwilini, chembe ya mwili iliyovamiwa hupiga yowe, yowe hilo ndilo wanaloliita interferoni, na chembe jirani zikilisikia hufunga milango. Sasa hawa jeni ya kusikia imeondolewa kwa makusudi, ili wataalamu waone kinga inavyofanya kazi, kwa hiyo yowe linapigwa, jirani halisikii. Ukimwona ni mzima, anakula, anacheza, lakini ugonjwa ambao panya mwenzake anaupiga chafya ukapita, yeye unamuua. Nimewaokota wengi asubuhi, mshauri, na sijazoea.

Basi mwanangu wa kwanza akajaliwa mtoto wa kiume, mjukuu wangu wa kwanza, na kwa kuwa kazi yake ni ya safari, mkamwana wangu akaja kukaa kwetu na mtoto. Mtoto kila mara kifua, homa, kifua tena, mara mbili kalazwa hospitali, na mimi kila nikimtazama anavyohema nawaona wale panya, sikuweza kujizuia, nikaweka beseni la maji ya sabuni mlangoni, viatu nje, majirani nikawa nawarudisha, na mimi mwenyewe, kwa kuogopa nisije nikamletea kitu kutoka kazini, sikumbeba hata siku moja bila glavu na barakoa. Mke wangu akawa ananitania, "Baba watoto, huyo ni mjukuu au sampuli?" Mkamwana mara moja tu aliniambia taratibu, "Baba, mguse basi kwa mkono wako." Nikamjibu, "Mwanangu, hujui ninachokijua." Ndivyo nilivyomjibu, Mungu anisamehe.

Siku mama mzazi wa mkamwana alipokuja kumwona mtoto, katoka safari ndefu, kikapu mkononi, akakohoa mara moja pale nje, labda vumbi tu, nami nikasimama katikati ya mlango nikasema mbele ya watu, "Mama, usiingie, mtoto huyu ni kama panya wangu waliotolewa kinga, kikohozi chako hicho kitamzika." Sijui akili yangu ilikuwa wapi. Yule mama akaweka kikapu chini. Mkamwana akatoka na mtoto mgongoni, akasema, "Baba, mwanangu si panya, na mama yangu si uchafu." Wakaondoka.

Sasa mwanangu nikimpigia anasema, "Baba, nipo kazini," anakata. Nimesikia kwa mke wangu kwamba mtoto ana homa tena huko kwa bibi yake, natamani niwaambie wamwombe daktari apime kinga yake, lakini nikifungua mdomo watasema mzee wa panya kaanza.

Na lipo moja linalonivuruga hata nikiwa katika sala. Kabla hawajaondoka, jioni moja nilitoka kuoga, mtoto akaniona uso wazi, akapiga kelele kama kaona mgeni. Nikakimbilia barakoa, nikaivaa, akacheka, akaninyooshea mikono. Siku ile nilifurahi. Leo nikikumbuka nalia.

Ninyamaze nimwachie Mungu, au niende? Tafadhali nijibu upesi.

Mimi, Babu wa Panya

MSHAURI ANAJIBU

Babu,

Mimi mzima, asante kwa kuuliza. Nimekuonea huruma njia nzima mpaka ulipofika mlangoni. Hapo huruma ikaniishia.

Wewe ulielezwa vizuri: yowe likipigwa, jirani asisikie, nyumba inaangamia. Haya, mkamwana wako alikuambia, "Mguse kwa mkono wako." Lile lilikuwa yowe, tena la adabu, maana mke wa mwana hampandishii baba mkwe sauti. Nani hakusikia? Usinitajie panya.

Tena hukuwa na haki ya kwenda kumtafutia mjukuu ugonjwa kizimbani. Panya wako waliondolewa kitu na wataalamu. Mtoto huyu hakuna aliyemwondolea chochote. Watoto wengi hukohoa, wakapona, wakakua, wakaja kutusumbua vizuri tu. Lakini sisemi hofu yako ni upuuzi. Mtoto anayelazwa kila mara anastahili kuchunguzwa, na wapo wachache wanaozaliwa na kinga yenye kasoro. Wa kujua hilo ni daktari wa watoto na vipimo vyake, si wewe wala mimi.

Kwa hiyo usinyamaze. Kumwachia Mungu huku umekaa kwenye kiti si imani, ni woga uliovaa nguo za ibada. Na homa haingoji mpatane: leo hii mkeo ampigie mkamwana simu, mtoto apelekwe hospitali, daktari aelezwe magonjwa yote tangu mwanzo, aulizwe na habari ya kinga. Neno panya lisitajwe.

Kisha uende mwenyewe. Usitume ujumbe wa simu, usimtume mwanao. Nenda na mkeo, uanze na yule mama, ndiye uliyemsimamisha nje na kikapu chake. Usimweleze interferoni. Sema, "Mama, nilikukosea," ufunge mdomo. Akikuacha umesimama nje kidogo, simama, na wewe uonje. Mkamwana naye umwambie hivyo hivyo.

Hofu ya kuleta ugonjwa kutoka kazini, mwulize yule daktari wako anayejua kucheka. Kama unaoga na kubadili nguo kabla ya kutoka, huenda hofu hiyo angekuondolea siku ya kwanza. Ukiwa na mafua, baki kwako kama binadamu wengine. Ukiwa mzima, nawa mikono kwa sabuni, kaa chini kwenye mkeka, uso wazi.

Mtoto atalia. Atamkimbilia mama yake. Na mkono wako utakwenda wenyewe mfukoni kutafuta barakoa, ili acheke. Siku hiyo uiache nyumbani, babu. Mwache alie huku anakutazama, mpaka akuzoee.