Jani Lililokatwa kwa Mkasi

Nguvumali, Tanga
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo dada, na assalaam alaykum nyote mliomo humo ndani. Mama anaendeleaje na mguu wake? Ule uvimbe umeshuka, au bado mnamkanda kwa maji ya moto? Shemeji naye kifua kimetulia? Mimi mwili hauna neno, alhamdulillahi. Moyo ndio uliokuwa na maneno, na ndiyo maana naandika.

Juzi uliponiuliza kwenye simu, "Athumani hajambo?" nilinyamaza, kisha nikasema mtandao unasumbua. Haukuwa mtandao. Wifi yangu Mwanahawa alikuwa amekaa barazani anasuka mkeka, na masikio ya huyo mdogo wake Athumani mume wangu yanafika mbali. Sasa wote wametoka, nyumba ni yangu. Ukimsomea mama barua hii, msomee salamu tu, haya mengine yabaki kwako.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikusumbua na habari za ule mche wangu wa okidi. Alinipa Bi Nasra, yule mama wa Kiarabu niliyekuwa nikimshonea mabuibui, alipokuwa anahamia Maskati kwa wanawe. Alinijia pale kwenye cherehani ameushika kwenye kikopo cha mtindi, majani mawili tu, hayazidi urefu wa kidole. Akaniambia, "Huu unataka mtu asiye na haraka, Mwanaidi. Ukija kutoa ua, mdomo wake wa chini utauona kama ncha ya kiatu cha kubadhi. Lakini usiungoje. Ulee tu." Ilikuwa ni baada ya ile mimba yangu kuharibika, wewe ndiye uliyekuja kuniogesha. Nguvu za kumkatalia Bi Nasra sikuwa nazo, nikaupokea.

Dada, sijapata kuona mmea wa ukaidi namna ile. Hautaki udongo. Niliupanda kwenye makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, magamba ya mti na vipande vya mkaa. Maji ya bomba yaliuunguza ncha za majani, nikaanza kukinga ya mvua. Ukiumwagia, maji yasituame pale katikati majani yanapokutana, maana ukioza hapo umekwisha. Jua kali hautaki, giza hautaki. Niliuweka kwenye dirisha la nyuma, linalokingwa na ukuta wa jirani. Na pamoja na yote hayo, mwaka mzima unaweza kukupa jani moja, ukijitahidi sana mawili. Mama mkwe alikuwa akija akiutazama anasema, "Hicho nacho hakizai?" Nami najua alichokuwa anakisema.

Kwa hiyo nilikuwa naujua jani kwa jani. Kila jani lina mabaka yake ya kijani kizito na kijani cha maji. Jani la tatu konokono alilitafuna ukingoni kabla sijamuwahi, akaacha pengo lenye menomeno, upande wa kushoto ukiwa umelielekea dirisha.

Basi niliporudi kutoka huko kwenu Kilwa kumuuguza mama, kabla hata sijavua buibui nilikwenda dirishani. Mche upo. Majani idadi ile ile. Pengo lipo kwenye jani la tatu. Lakini, dada, lilikuwa upande wa kulia, na halikuwa na menomeno. Lilikuwa limenyooka, safi kabisa. Mimi ni fundi cherehani, siwezi kushindwa kuijua kazi ya mkasi.

Nilikaa kitandani na buibui langu mwilini. Mmea ungekuwa umekufa, ningelia yakaisha. Hata ungeibiwa. Lakini mtu aliyekaa akalitazama jani, akachukua mkasi akalikata ili mimi nisijue, huyo ana jambo. Athumani alipoingia nikamuuliza, "Mche wangu haukukusumbua?"

"Ah, hata kidogo," akasema, macho kwenye kiatu anachokivua. "Si huo hapo?"

Nikasema ndiyo, nauona. Tangu siku hiyo nikawa namtazama kila mtu humu ndani kama askari wa forodha.

Nilianza na wifi. Nilimkuta anapika, nikamuuliza taratibu kama nilipokuwa Kilwa kuna mtu aliingia chumbani kwangu. Akaruka. "Mimi na majani yako wapi na wapi, wifi? Muulize kaka. Na kaka mwenyewe nani anamwona, siku hizi si mtu wa Maramba!"

"Maramba kuna nini?"

Akageuka kukoroga mchuzi. "Sijui mie. Watu wamemwona huko, nami nimesikia tu."

Dada, kazi ya Athumani ni Horohoro, kushughulikia makaratasi ya malori pale mpakani, na kila Jumamosi aliyokuwa akitoka aliniaga kwamba anakwenda Horohoro. Njia ni moja, lakini anayekwenda mpakani hana sababu ya kukata kushoto kwenda Maramba. Nikaanza kuvitazama viatu vyake. Vilirudi na udongo mwekundu wa mashamba ya huko juu. Nikaanza kusikiliza simu yake. Siku moja iliita akiwa anaoga, nikaona jina: Salma Maramba. Sikuipokea. Niliiweka pale pale nilipoikuta, uso chini, nikaenda kuendelea na kushona, nikaishona mikono ya gauni la mtu nje ndani.

Wewe unajua hofu yangu ilikuwa wapi. Miaka yote hii sina mtoto. Mama mkwe ananihesabia. Nikajisemea, ameshaoa. Ameoa Maramba, na huyo mwanamke amepata kuingia humu ndani nikiwa safarini, akaushika mche wangu, akauharibu, kisha wakaleta mwingine wanizibe macho. Nilipanga kisa kizima kichwani kama nilikuwepo. Na bado kila asubuhi niliumwagilia ule mche wa mkasi maji ya mvua, nikaupangusa majani kwa pamba. Nilikuwa nauchukia, lakini kiu yake haikuwa na hatia.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilitoka kwenda kwa mteja, nikasahau futi yangu ya kupimia, nikarudi. Nikamkuta Athumani jikoni ameuweka mche kwenye boksi la sabuni, anauzungushia kanga yangu usiyumbe.

"Unaupeleka wapi?"

Aliruka kama kaguswa na moto. "Nilikuwa... naupeleka kwa mtu autazame. Majani yake siyapendi."

"Kwa Salma?"

Boksi almanusura limdondoke. Nikamwambia, "Buibui sijavua. Leo tunakwenda wote, nikamwamkie mke mwenzangu."

"Mke mwenza? Mwanaidi, Wallahi..."

"Usiape. Twende."

Njia nzima boksi alilipakata yeye. Nilitazama minazi ikipita, kisha michungwa, kisha ule udongo mwekundu nilioujua kutoka kwenye viatu, nikawa najiandaa maneno. Nilikuwa nayo mengi na makali.

Salma ni mtoto wa kaka yake Bi Nasra. Hilo sikulijua mpaka alipotupokea mlangoni. Ni mwanamke wa rika langu, mzuri, aliyeachika, anacheka kabla hujamaliza kusema. Nyuma ya nyumba ana kibanda kilichoezekwa kwa wavu mweusi, na ndani yake okidi zimejaa kwenye vikopo. Aliponiona, kicheko kikamkauka. Akamtazama Athumani. "Umemwambia?"

"Hajaniambia kitu," nikasema. "Niambie wewe."

Aliingia kibandani akatoka na kikopo cha mtindi.

Dada, niliujua ule mche kabla hajakiweka kikopo chini. Majani yalibaki mawili tu. Moja lilikuwa na pengo la menomeno upande wa kushoto. Katikati, pale majani yanapokutana, palikuwa peusi, pamekauka. Lakini pembeni, chini kabisa, kulikuwa na chipukizi dogo, kama kucha ya mtoto mchanga.

Hapo ndipo Athumani alipoanza kusema, na alisema kama mtu aliyekuwa amezuia pumzi miezi yote. Nilipokuwa Kilwa mvua zilikatika, akaona mche umenyong'onyea, akautoa uani upate jua, akaumwagia maji mengi palepale katikati. Baada ya siku chache ukaanza kuoza. Akampigia Bi Nasra Maskati huku analia, na Bi Nasra ndiye aliyempa namba ya Salma. Salma akaupokea akaukata palipooza, akaupaka unga wa mdalasini, akamwazima mwingine unaofanana ukae dirishani mpaka wangu upone. Zile Jumamosi zote alikuwa anakuja kuuangalia, na siku hiyo ule wa kuazima alikuwa anauleta kweli majani yake yatazamwe.

"Na jani? Nani alilikata?"

Wakatazamana. Salma akasema, "Mkasi ulikuwa wangu. Mche wako nilikuwa nimeshaufunga ndani ya nailoni usiguswe, ila yeye alikuwa na picha yake kwenye simu, tukaitazama."

"Mkaona upande mwingine."

"Picha niliipiga kwa kamera ya mbele ya simu," Athumani akasema chini chini. "Iligeuka kama kwenye kioo."

Pengine ningecheka, dada, kama ingekuwa imemkuta mtu mwingine. Nilimwambia hivi, mbele ya yule mwanamke: "Ningekukuta na mke wa pili ningejua nimlaumu nani. Lakini ninyi mlikaa wawili, vichwa vimegusana, mkapanga jinsi ya kunifanya mjinga nyumbani kwangu. Kwa nini hukuniambia tu kwamba umeoza?"

Akasema, "Niliwahi kukuona ukipoteza mara moja. Ule uso sikutaka kuuona tena, na safari hii ningekuwa mimi niliyeuleta."

Salma alitukaribisha chai, nikainywa nusu. Akanieleza kwamba shina la zamani halitatoa ua kamwe, matumaini yote yamo kwenye lile chipukizi, na hilo litahitaji miaka mingine. Nikamshukuru, kwa kuwa amefanya kazi ambayo mimi nisingeiweza. Kumpenda bado sijampenda. Anacheka sana.

Tulirudi na mche wangu, safari hii nimeupakata mimi. Tulipokaribia mjini Athumani akasema bila kunitazama, "Kuna jingine. Afadhali nilimalize leo. Mama amenitafutia mchumba Muheza. Nimekataa mara mbili. Sikukwambia."

Kumbe pua yangu ilikuwa inanusa kweli, ila nilikuwa nimeuelekea mlango usio wake. Nikamuuliza, "Na akija mara ya tatu?"

"Nitakuita ukae karibu yangu nikiwa nakataa."

Maneno mazuri, si ndiyo? Na mimi niliyachukua kama ninavyochukua maneno yote ya Athumani sasa, nikayaweka pembeni kwanza. Wiki nzima nilimtazama. Simu yake sasa inakaa uso juu, na hilo nalo nikalitilia shaka. Nikajiuliza, anataka nione nini?

Basi jana jioni mama mkwe akaja, amevaa doti mpya ya kanga, amekuja na shangazi yake Athumani. Nikajua. Niliwaamkia, nikawaletea maji, nikaingia chumbani nikaketi karibu na pazia kama nilivyozoea kuketi siku zote watu wazima wanapozungumza mambo yanayonihusu. Nikasikia mama mkwe akikohoa kusafisha koo, akianza, "Sasa mwanangu, wale wa Muheza wanataka jibu."

Nikasikia kiti kikiburuzwa sakafuni. Nilidhani anasimama atoke, kama kawaida yake, akimbilie msikitini. Kisha sauti yake ikaja, kubwa kuliko ilivyohitajika kwa nyumba ndogo kama yetu:

"Mwanaidi! Njoo ukae."

Nikatoka. Alikuwa ameweka kiti cha pili kando ya chake. Nikaketi, na akakataa kwa sentensi moja tu, kwa adabu, na hakuinamisha uso. Mama mkwe hakunitazama mimi. Alimtazama mwanawe muda mrefu, kisha akamwambia shangazi, "Tuondoke, jua linazama."

Ndiyo hayo, dada. Usinipigie kuniuliza mbele ya watu. Niandikie.

Nisalimie mama, umkande mguu kwa niaba yangu. Nisalimie shemeji, na mwanao wa kike anayesoma ualimu, mwambie gauni lake nimeshalikata. Nisalimie mjomba wetu muuza chumvi na mkewe, na yule jirani aliyekuwa akimletea mama uji nilipokuwa huko, Mungu amlipe. Athumani anakusalimu. Ameniomba mwenyewe niandike hivyo, nami akirudi nitamwacha asome mstari huu mmoja tu.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanaidi