Maganda Chini ya Utomvu

Hanoi, Machi 1957

Kaka Quýnh,

Sisi tupo, ila Mama anakohoa. Manyunyu hayajakatika tangu sikukuu ya mwaka mpya, Tet, na utomvu wa kuchorea, ambao hukauka kwa unyevu tu, unakauka vizuri. Shangazi wa Paris akikufikishia barua hii huko Saigon, utujibu kupitia kwake.

Unaikumbuka picha ya Baba ya wavunaji mpunga, ambayo ulikaa siku nzima akikuchora, ukilalamika mgongo? Imechaguliwa kwa maonyesho ya taifa. Ndugu Lễ wa kamati alikuja, akakunyooshea kidole pale pichani.

"Huyu si alikimbilia kusini? Mzee, mfute."

"Nitamfunika," Baba akajibu, wala hakubishana. Akakupaka utomvu mweusi, tabaka tatu kwa wiki nzima. Alipomaliza akaenda kulala, na hakuamka tena, kaka. Ni wiki tatu sasa tangu tumzike.

Kazi ya kupiga msasa ili picha ing'ae imeniangukia mimi. Kila nikisugua, weusi unaisha na unatokea wewe: shavu kwanza, kisha paji la uso. Nimekufunika tena mara mbili, na mara mbili umerudi. Uso wako Baba aliutengeneza kwa maganda ya mayai ya bata, nayo yameinuka kuliko rangi, kwa hiyo msasa huyafikia kwanza. Anayetaka kumfuta mtu huyabandua kabla ya kupaka. Baba ndiye aliyetufundisha hivyo.

Ndugu Lễ anakuja kesho kuichukua. Sikufuniki tena. Limebaki kusuguliwa jicho la kushoto tu.

Mdogo wako,
Thoa